Ufa wa Mshazari

Agosti 1955, sehemu ya paa la ghala la Jeshi la Anga la Marekani huko Shelby, Ohio, iliporomoka. Paa halikuwa limebeba chochote ila uzito wake lenyewe. Boriti zake za zege, zenye kimo cha sentimita 91 hivi, zilipasuka mshazari mbele kidogo ya pale nondo za juu zilipokomea. Hapo hapakuwa na hata ringi moja, yaani chuma cha kuzungushia na kufunga nondo.

Ajabu ni kwamba dawa ilishajulikana zamani. François Hennebique, Mfaransa, alishaweka ringi katika hataza yake ya 1892, na mwaka 1899 Wilhelm Ritter wa Zürich akaeleza kazi ya ringi: zege hubanwa kwa mshazari, chuma huvutwa kwenda juu.

Lakini chuma ni pesa. Kanuni zikaruhusu zege peke yake libebe sehemu ya nguvu inayopasua boriti kwa mshazari, na boriti za Shelby zilikuwa ndani ya kanuni. Kilichosahaulika ni kwamba zege hunywea likikauka, na boriti iliyoshikwa huku na huku haina nafasi ya kunywea. Hujivuta hadi ikapoteza nguvu. Kanuni za Marekani zilikazwa mwaka 1963.

Ufa wima katikati ya boriti hutokana na kupinda, na mara nyingi nondo huvutika taratibu, zikatoa onyo. Ule unaoanzia chini karibu na nguzo ukapanda kwa mshazari kuelekea katikati hauna subira hiyo. Mwaka 1967 mtafiti Kani, wa Chuo Kikuu cha Toronto, alionyesha jambo baya zaidi: boriti isiyo na ringi, kadiri kimo chake kinavyozidi, ndivyo zege lake linavyoshindwa kwa mkazo mdogo.

Huko huko Kanada, daraja la de la Concorde la Laval, lililojengwa 1970, lilianguka tarehe 30 Septemba 2006 na kuua watu 5. Muda mfupi kabla, mtu wa doria ya barabara alifika akaondoa vipande vya zege vilivyodondoka; magari yakaendelea kupita. Uchunguzi ulikuta ufa wa mshazari uliokua kwa miaka ndani ya bamba nene, karibu na kiegemeo, pasipo ringi. Kanuni za enzi yake hazikuzidai.

Ukiuona ufa wa namna hiyo kwako, usiuzibe kwa lipu. Ondoa watu chini yake, boriti ishikiliwe kwa mirunda, na mhandisi aitwe kabla ya fundi rangi.