Mlakasa, ua la ufuoni tunalolikanyaga

Msimu huu wa kaskazi, ukishuka ufuoni asubuhi na mapema utaukuta mlakasa umechanua. Ni ule mmea unaotambaa juu ya mchanga mkavu, pale bahari ikijaa isipofika, wenye maua ya waridi yanayoelekea zambarau, mfano wa tarumbeta. Wengi wetu tumeukanyaga tangu utotoni. Ukiuliza ni nini, utajibiwa ni magugu tu, na hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa sababu kinachoitwa magugu hakina wa kukitetea.

Kuutambua si kazi, ila anza na jani kabla ya ua. Jani lake ni nene, linang'aa, na ncha yake imechanika katikati kama ukwato wa mbuzi. Wataalamu nao waliliona hilo: jina lake la kisayansi ni Ipomoea pes-caprae, na hayo maneno ya mwisho ni Kilatini cha "mguu wa mbuzi". Ukilikata jani, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Shina hutambaa mita 10 na zaidi, na kila kifundo kinachogusa mchanga huweza kutoa mizizi yake. Ua lenyewe ndani ya koo lina zambarau iliyokoza. Hufunguka alfajiri, jua likipanda huanza kusinyaa, na kesho yake huchanua jingine. Anayezoea kutembea ufuoni jioni anaweza kuapa kwamba mmea huu hauna maua.

Aliyelima viazi vitamu atasema ua hili analijua, na hakukosea, kwani ni mimea ya ukoo mmoja. Lakini matembele ni matembele, na mlakasa usiutie chunguni, huendesha tumbo. Mmea mwingine unaochanganywa nao ni mharage-mwitu wa ufuoni, ambao pia hutambaa na una maua ya waridi. Huo majani yake hukaa matatu matatu, na huzaa maganda kama ya maharage. Mlakasa huzaa kijitunda cha mviringo, kikikauka hupasuka, na ndani mna mbegu kama nne za rangi ya kahawia zenye manyoya. Mbegu hizo huelea na kuvumilia maji ya chumvi muda mrefu, ndiyo maana ua tulilonalo Kilifi na Diani lipo pia India, Australia na Brazil.

Sasa nije kwenye kazi yake. Upepo ukivuma ufuoni hubeba mchanga. Ukikutana na majani ya mlakasa hupungua nguvu na kuuangusha. Mmea ukifukiwa haufi, hutoa machipukizi juu ya mchanga mpya, nao hunasa mwingine. Hivyo ndivyo tuta linavyojengwa, kidogo kidogo, bila saruji wala kandarasi. Kusi likiingia, mawimbi huchukua sehemu ya mchanga ule, kisha bahari ikitulia huurudisha mwingi wake. Tuta ni akiba. Ufuo usio na tuta ukipigwa na bamvua la kusi hauna cha kutoa ila ardhi ya watu.

Ndiyo maana hunikera kuona vibarua wakipewa reki na mapanga wang'oe mlakasa wote mbele ya nyumba za kukodisha, ili mgeni aone mchanga mweupe mtupu. Baada ya misimu michache mwenye nyumba analalamika bahari inamla, anajenga ukuta. Wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu zake na kuchimba mchanga wa chini, na maji huhamia kwa jirani asiye na uwezo wa kujenga. Simwambii mtu aache njia ya kushukia baharini izibwe na majani. Kata njia moja, yenye upana wa watu wawili, kilichobaki kiache.

Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa sana. Visima vyao vinategemea maji ya mvua yanayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na mchanga usioshikwa na mimea ni mchanga unaohama.

Jina la mlakasa lina neno kasa ndani yake, nami sishangai, kwani kasa hupanda kutaga juu ya maji makuu, mara nyingi jirani na mmea huu. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Tuta likiwa bapa, maji huingia shimoni na mayai huharibika. Kwa haki niseme pia kwamba mizizi ya mimea ya ufuoni wakati mwingine hupenya kwenye mayai. Hata hivyo, kati ya mizizi na kukosa tuta, mimi naona hasara ya pili ni kubwa zaidi.

Wavuvi wa nchi nyingi husugua majani yake yaliyopondwa mahali palipochomwa na yavuyavu. Si hadithi tupu; mwaka 1970 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu uwezo wa dondoo la mmea huu dhidi ya sumu hiyo. Lakini aliyechomwa akianza kupumua kwa shida apelekwe hospitali, majani yasubiri.

Anayetaka kuurudisha mbele ya shamba lake hahitaji kununua kitu. Masika yakianza, au vuli, kata vipande vya shina vya urefu wa mkono kutoka nyuma ya kichaka, si upande unaotazama bahari. Fukia kila kipande vifundo viwili au vitatu vikiwa chini ya mchanga wenye unyevu, ncha ikibaki nje, juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na bamvua. Ukitumia mbegu, zisugue kwanza kwa msasa, kwa maana ganda lake ni gumu. Kisha wazuie watoto na mbuzi kupita hapo mpaka vipande vishike.