Pwani ya Sanur

Msafiri ashukaye leo Sanur, katika kisiwa cha Bali, akaona hoteli zilizopangana ufuoni na ngalawa za wavuvi zilizotiwa rangi, ni nadra kufahamu ya kuwa ufuo huu ndio ulioleta maangamizi ya ufalme mzima. Mwaka 1904 jahazi lililoitwa Sri Kumala, mali ya tajiri mmoja wa Kichina, lilipanda mwamba hapo. Mwenye jahazi akadai limeporwa na wenyeji, nao Waholanzi, ambao tangu zamani walikuwa wakitafuta hoja ya kuutwaa ufalme huo wa Badung, wakamtaka raja wake alipe fidia, naye akakataa katakata. Septemba 1906 askari wao wakateremka Sanur, wakaenda hata Denpasar, na huko, badala ya jeshi, wakakuta maandamano: raja juu ya machela, na nyuma yake wake, watoto na makuhani, wote katika nguo nyeupe na vito vya dhahabu, majambia mikononi, wakiyaendea mauti kwa hiari yao. Waliosazwa na risasi walichomana wenyewe.

Mwaka 1928 hoteli ya kampuni ya meli ya Kiholanzi ilifunguliwa katika mji huo huo, jambo ambalo kwangu mimi lina ufidhuli zaidi kuliko vita vyenyewe. Kisha, mwaka 1966, ikasimama Sanur hoteli ya ghorofa 10, iliyojengwa kwa fedha za fidia ya vita kutoka Japani, ikachukiza macho hata ikatolewa amri kwamba jengo lisipite urefu wa mnazi, yaani mita 15.