Mtakatifu Teresia na Watu Wawili Aliowaombea



Wapendwa waamini, mara nyingi tunaulizwa swali hili: kuna faida gani kuendelea kumwombea mtu asiyebadilika? Mama amesali rozari miaka mingi kwa ajili ya mwanawe mlevi; mke ametolea nia za Misa kwa ajili ya mumewe aliyeacha sakramenti; na mambo bado ni yale yale. Juma hili tutafute jibu katika historia ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, tukiwatazama watu wawili aliowaombea.

Wa kwanza alikuwa mwuaji. Mwezi Machi 1887 wanawake wawili na binti mdogo waliuawa mjini Paris. Henri Pranzini alikamatwa kwa kosa hilo, akahukumiwa kifo, na habari zake zikaenea Ufaransa nzima. Huko Lisieux msichana wa miaka 14, Teresia Martin, alisikia kwamba mtu huyo haonyeshi dalili yoyote ya kutubu. Hakumfahamu, wala hakuwa na njia ya kumfikia. Akaanza kumwombea, akimtolea Mungu mastahili ya Bwana wetu Yesu Kristo, na kwa njia ya dada yake Céline akaomba Misa isomwe kwa nia hiyo. Aliomba apewe ishara moja tu ya toba, apate kutiwa moyo. Hata hivyo alikiri kwamba angeiamini huruma ya Mungu hata kama ishara hiyo isingeonekana.

Tarehe 31 Agosti 1887 Pranzini alikatwa kichwa. Siku iliyofuata Teresia alisoma katika gazeti la La Croix kwamba, katika dakika zake za mwisho, aliubusu msalaba alioshikiwa na padre. Teresia alitokwa na machozi. Tangu hapo alimhesabu mtu yule kuwa mtoto wake wa kwanza.

Wengi wetu tungependa kuishia hapo. Lakini yuko mtu wa pili.

Mwezi Oktoba 1895 mseminari wa miaka 21, Maurice Bellière, aliiandikia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux. Aliuona wito wake kuwa dhaifu, na utumishi wa jeshi ulikuwa mbele yake; hivyo aliomba sista mmoja amsindikize kwa sala. Mama mkuu alimkabidhi kwa Teresia, aliyekuwa ameingia utawani Aprili 1888. Teresia alimwombea na kumwandikia barua za kumtia nguvu hata wakati kifua kikuu kilipokuwa kikimmaliza. Bellière alijiunga na Wamisionari wa Afrika, akapanda meli kwenda Algeria tarehe 29 Septemba 1897. Kesho yake jioni Teresia alifariki dunia, akiwa na miaka 24.

Bellière alipewa upadre mwaka 1901, akatumwa Nyasa, nchi ambayo leo ni Malawi. Huko afya yake ilivunjika. Alirudi Ufaransa, na mwaka 1907, akiwa na miaka 33 tu, alifariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bon Sauveur mjini Caen. Ndiko alikokuwa ametunzwa Louis Martin, baba mzazi wa Teresia, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2015.

Je, tuseme kwamba sala ile ya pili ilipotea? Aliyesali ni yule yule, na upendo wake ulikuwa umekomaa zaidi. Tukipima maombezi kwa matokeo tunayoyaona, tutamsifu Teresia wa miaka 14 na kumlaumu Teresia aliyekuwa akifa. Kristo mwenyewe yu hai daima akituombea (taz. Ebr 7:25), nasi tunapomwombea jirani tunaingia katika sala yake. Bellière aliomba kusindikizwa, naye akasindikizwa. Teresia alimwahidi kwamba hata kifo hakitamtenga na ndugu yake huyo. Maombezi hayamwondolei mwenzetu msalaba kila mara. Yanamhakikishia kwamba haubebi peke yake.

Mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza Teresia kuwa msimamizi wa misioni, pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ijapokuwa hakuwahi kufika nchi ya misioni. Kanisa liliitambua sala yake kuwa kazi ya kitume.

Basi, mama mwenye rozari, usiiweke chini. Nasi sote, katika sala za jumuiya zetu juma hili, tumtaje mbele ya Mungu mtu mmoja ambaye tulikwisha kumkatia tamaa. Tukipewa ishara, tushukuru. Tusipopewa, tuendelee kumwombea.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, utuombee.