Ng'ombe wa Kufugishwa

Mstaafu wa Dodoma hasemi "nimesaidiwa". Anasema amelipwa mafao, au amepata kiinua mgongo chake, na hilo "chake" lina uzito. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ilipounganishwa kuwa PSSSF, kanuni mpya zikashusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25. Watumishi walidai jasho lao. Hakuna aliyezungumza kama mtu aliyenyimwa zawadi. Desemba Rais Magufuli akasitisha kanuni hizo. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Juni 2024, bungeni Dodoma, Serikali ikatangaza 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa wale wa 25. Kikokotoo, chombo cha mwanafunzi wa hesabu, kikawa jina la kanuni ya mafao na kuhamia vijiweni.

Wamarekani wana neno lao, "entitlement", kwa mafao ya wazee ya mwaka 1935 na matibabu yao ya 1965. Kisheria ni sawa na stahiki yetu, lakini wanasiasa wanaotaka kuyapunguza hulitamka kama wanamsema mtoto aliyedekezwa, na wazee waliokatwa mishahara maisha yao yote hukasirika. Nadhani wanakasirikia kisichowadhuru. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimwambia Ephram Nestor, mhamiaji kutoka Bulgaria aliyechangia miaka 19 kisha akafukuzwa nchini kwa kuwahi kuwa mkomunisti, kwamba michango ile haikumpa umiliki wa malipo. Neno lilikuwa zuri wakati huo, na halikumfaa kitu.

Tusiwacheke. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii akiwa mzee au mgonjwa. Haki na msaada, bega kwa bega! Kisha Ibara ya 7 inazizuia mahakama kuamua kama Serikali imetimiza hayo. Wakenya, mwaka 2010, waliiweka hifadhi ya jamii ndani ya Sheria ya Haki, mahali ambapo hakimu anaweza kuigusa.

Kwa uwanda huu wa Dodoma wenye mvua za kubahatisha, mfano ninaouamini zaidi ni wa Wagogo. Mwenye mifugo mingi hakuijaza katika zizi moja. Aliwafugisha wengine ng'ombe wake, ili ukame au maradhi yasimalize kundi zima. Mfugaji alikunywa maziwa, ng'ombe wakabaki wa mwenyewe. Akija kumchukua mmoja, hakuja kuomba. Akiambiwa amekufa, angeuliza amekufaje. Mfuko wa mafao ni mfugaji wa namna hiyo, hata ule wa bima ya afya, NHIF, unaopokea asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mtumishi na nusu ya mwajiri. Kilichowauma watu 2018 ni ndama kuhesabiwa upya na mwenye ng'ombe hayupo.

Ila mfano huu unamwacha nje asiyekuwa na ng'ombe wa kufugisha. Zanzibar ilimfikiria Aprili 2016: Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye 50,000, kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au la. Wakaiita pensheni bila aibu. Mkulima wa mtama wa Bahi, Dodoma, mwenye umri huohuo anaelekezwa TASAF, kwenye mpango unaoitwa Kunusuru Kaya Maskini. Mzee wa Makunduchi, Zanzibar, huulizwa umri na makazi. Huyu wa Bahi huanza kwa kuthibitisha umaskini wake mbele ya mkutano wa kijiji.