"Kaa Vizuri": Farasi wa Vitabuni na Njia ya Kupanda Lushoto



Mombo ipo chini kabisa ya milima ya Usambara, pale inapochepuka barabara ya kupanda Lushoto. Tulifika alasiri, watu wanne, na gari lililobaki lilikuwa na nafasi mbili tu. Wawili wakaingia garini, wawili wakachukua bodaboda. Mwenzetu mmoja akakaa upande, miguu yote kushoto, kama sote tulivyofunzwa tangu utotoni. Kijana akazima pikipiki. "Dada, hizi kona si za kukaa hivyo. Kaa vizuri, au usubiri gari la kesho."

Tulicheka sana usiku ule. Nyumbani kwetu "kaa vizuri" maana yake funga miguu. Mombo maana yake tagaa. Lakini mwenzetu hakucheka. Alipanda kilomita thelathini na kitu akiwa ametagaa, baibui amelikunja mapajani, na alipofika alisema anahisi amefanya kosa asilolijua jina lake. Basi tukaanza kutafuta. Tuliporudi Unguja tukaendelea kutafuta, maana suala lenyewe halikuanza na pikipiki. Limeanza na farasi.

Tuanze na dini. Ndani ya Qur'ani, Suratun Nahl, farasi, baghala na punda wametajwa pamoja kuwa ni vipando na ni pambo. Sura nzima ya Al-'Adiyat imefunguliwa kwa kiapo cha farasi wanaokimbia wakihema. Hakuna mahali pale palipoandikwa kwamba vipando hivyo ni vya wanaume. Katika hadithi iliyo sahihi, Mtume (S.A.W.) aliwasifu wanawake wa Kikureishi kuwa ni wabora wa wanawake wanaopanda ngamia, kwa huruma yao kwa watoto na uangalifu wao wa mali za waume zao. Yupo na Bi Ummu Haram binti Milhan, aliyevuka bahari pamoja na mumewe, Ubada bin Samit, katika safari ya Waislamu kwenda Kupro kiasi cha mwaka 649. Aliletewa mnyama ampande, akaanguka, akafariki. Kaburi lake lipo karibu na mji wa Larnaca hadi leo, na watu wanalizuru.

Na yale maneno ya kwamba wanawake wanaokaa juu ya matandiko wamelaaniwa? Yapo kweli katika baadhi ya vitabu vya fiqhi, na bila shaka ndiyo yaliyofika kwa bibi zetu. Lakini wataalamu wa hadithi waliyachambua wakasema hayana asili kwa Mtume. Sisi si mamufti, muulize sheikh wako. Ila muulize na hilo pia, asikusomee upande mmoja.

Sasa njoo nyumbani. Sayyida Salme binti Said alizaliwa Beit el Mtoni mwaka 1844, na kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin kwa Kijerumani mwaka 1886. Wengi tunamjua kwa habari ya kutoroka na yule mfanyabiashara Mjerumani, tukaishia hapo. Tukisoma kurasa za utoto wake tunakuta jambo jengine: watoto wa Sayyid Said wakifika miaka mitano walifunzwa kupanda wanyama asubuhi na jioni, wavulana na wasichana bila kubagua. Aliyekwisha kuhitimu alipewa mnyama wake mwenyewe. Wavulana walichagua farasi katika mazizi ya baba yao. Wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati, wamepambwa vizuri. Tofauti hiyo tumeiona, hatukuipita kimya! Lakini punda wa Maskati si punda huyu wa kuvuta gari la mchanga. Salme anasimulia alivyoshindana mbio na kaka yake Hamdan, hataki kushindwa, mpaka akaufikia mnazi ulioinamia njia bila kuuona. Alijitupa nyuma dakika ya mwisho, ndiyo akanusurika kichwa chake.

Mtoto wa kifalme, mwanamke wa Kiislamu, anakwenda mbio kwa nguvu zote chini ya minazi ya Mtoni. Wala baba yake, aliyekuwa mtu wa dini, hakuona kuwa binti yake ameharibika.

Tukumbuke kwamba mazizi ya Mtoni yalikuwa kitu adimu. Farasi hawakuwa wanyama wa nchi hii. Al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad aliyefika kisiwa cha Qanbalu katika karne ya 10, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanaona ni Pemba yetu, aliandika kwamba nchi ya Wazenji haina farasi, wala baghala, wala ngamia. Alisema watu wake wanapanda ng'ombe, wanawatia matandiko na hatamu, na ng'ombe hao wanakimbia kama farasi. Hebu fikiria hiyo!

Kwa hiyo kwa karne nyingi farasi wa Mswahili alikuwa farasi wa kitabuni. Mwengo bin Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka kule Pate mwaka 1728, alijaza vita vya Waislamu na Warumi, farasi na panga zikimeta, na wasikilizaji wake ni watu wa majahazi. Huko walikotoka hadithi zile, elimu ya kupanda farasi iliitwa furusiya, na iliandikiwa vitabu. Kimoja kilichotungwa na Al-Aqsara'i kina nakala ya mwaka 1371 yenye michoro ya wapanda farasi wakijifunza mkuki na upanga. Na katika nakala ya Maqamat ya Al-Hariri aliyoichora Al-Wasiti mwaka 1237, wapo wapanda farasi wamejipanga na bendera na tarumbeta wakiisubiri Idi. Sisi tuliupenda zaidi mchoro mwengine wa kitabu hicho hicho: kundi la ngamia, shingo zimepandana kama mawimbi, na nyuma yao amesimama mwanamke, ndiye mchungaji wao.

Kwa nini farasi hawakukaa huku? Sababu ni ndogo kuliko kucha. Ni mbung'o. Anapomuuma farasi humtia vijidudu vya damu, na farasi hukonda mpaka akafa. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, ndiye aliyeonesha jambo hilo Afrika ya Kusini katika miaka ya 1890, ingawa wafugaji wa Kiafrika walikwishajua siku nyingi vichaka gani si vya kupitisha mifugo. Juu ya mbung'o kuna maradhi mengine ya farasi yanayoletwa na usubi, hasa baada ya mvua. Nchi za joto za bara, kati ya pwani na milima, zilikuwa makaburi ya farasi.

Na hapa ndipo Lushoto inapoingia.

Usambara ni milima ya baridi. Lushoto ipo kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na mbung'o hapendi baridi. Pamoja na hayo Wasambaa wenyewe hawakuwa watu wa farasi. Ukisoma Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili kizuri mno, Mbega, mwanzilishi wa ukoo wa watawala, anaingia milimani kwa miguu, na mikuki na mbwa wake, anawinda nguruwe wa mwitu (wapenzi, hayo ni ya kabla ya Uislamu kufika huko, msitushike mashati). Sifa yake ni kumuua simba. Tangu hapo mtawala wa Vuga aliitwa Simba. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Vuga mpaka miaka ya mwanzo ya 1860 na amri yake ikafika karibu na pwani, hakuhitaji tandiko ili aogopwe. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alipokwenda kumwona mwaka 1848 na tena 1852, alipanda mlima kwa miguu yake.

Farasi walikuja na Wajerumani. Waliuita mji Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakaufanya makao ya wilaya na mahali pa kupunga upepo. Walidhani wamepata Ulaya ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 serikali yao ilikuwa na shamba la majaribio Kwai, katika Usambara Magharibi, la mimea na mifugo ya kigeni. Robert Koch, yule daktari mashuhuri, alifika Usambara mwaka 1898 katika uchunguzi wake wa maradhi ya watu na wanyama. Wengine walijaribu hata kuwafuga pundamilia wawavalishe hatamu, kwa kuwa pundamilia hawafi kwa mbung'o. Pundamilia wakakataa utumwa, na tunawapongeza.

Zitazame picha za wakati ule zilizopigwa katika makoloni. Mara nyingi utamwona Mzungu yupo juu ya farasi au baghala, kofia nyeupe, hatamu mkononi, na pembeni yake Mwafrika amesimama ameshika lijamu. Nyuma, kama picha ni pana, wapo wengine na mizigo vichwani. Mpiga picha hakuhitaji kuandika maelezo. Urefu tu wa vichwa unakwambia nani mkubwa wa nchi. Salme alipanda kwa mchezo na kwa raha. Wilhelmstal farasi alikuwa kiti cha enzi chenye miguu minne, na milima yenyewe aliyepanda hakuipanda yeye, alipandishwa.

Kulikuwa na mwanamke huko pia. Magdalene von Prince, mke wa afisa Tom von Prince, alikaa na mumewe katika shamba lao Sakarani, si mbali na Lushoto. Sakarani ndilo jina walilompa watu mumewe, na kila Mzanzibari anajua maana yake ni mlevi. Wanasema alilewa vita. Mwaka 1903 Bibi huyo alichapisha Ujerumani kitabu cha maisha yake katika bara la Afrika Mashariki, kutokana na shajara zake. Kwa hiyo vipo vitabu viwili vya wanawake, vyote kwa Kijerumani, vyote vya nchi zetu. Kimoja cha binti wa Unguja aliyekwenda Ujerumani akawa mjane na watoto watatu, kingine cha binti wa Kijerumani aliyekuja kuwa bibi wa shamba katika milima ya watu. Salme alirudi Zanzibar mwaka 1885 ndani ya meli za Wajerumani, akitarajia haki yake ya urithi. Wao walimtumia kumtisha ndugu yake, Sayyid Barghash. Miaka michache baadaye bendera yao ilikuwa Usambara. Hatumhukumu. Tunasema tu kwamba vitabu hivyo viwili vinafaa kukaa rafu moja.

Mwanamke wa Kisambaa, aliyepita njia hiyohiyo na kuni au mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, hakuandika kitabu.

Utawala wa farasi haukudumu. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Kisha ikaja vita ya 1914. Tom von Prince aliuawa Tanga mwezi Novemba mwaka ule ule. Mwaka 1916 Waingereza waliteremka kutoka Kilimanjaro na vikosi vya wapanda farasi wa Afrika ya Kusini, na mwezi Juni waliichukua Wilhelmstal. Farasi wao walipoteremka kwenye nchi za joto walikufa kwa maelfu, kama farasi wa kigeni walivyokufa siku zote. Walipokwisha, mizigo ikahamia kwenye vichwa vya watu. Wapagazi wa vita ile walikufa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na uchovu, na jina la kikosi chao limebaki midomoni mwetu kila tunapokwenda kununua vitambaa Dar es Salaam: Kariakoo. Upande wa Wajerumani, wake wa askari walitembea nyuma ya misafara na vyungu na watoto, mwezi hata mwezi. Hakuna aliyewauliza kama wanakaa vizuri.

Ndiyo maana tunaona ajabu tukiambiwa kwamba heshima ya mwanamke wa mwambao ni kukaa upande. Mwanamke wetu ametembea na mizigo, amepanda punda, amevuka bahari, na waliomtangulia katika dini walipanda ngamia na Mtume akawasifu. Stara ni ya nguo na ya nia, na inalindika juu ya pikipiki kama ilivyolindika juu ya ngamia. Mtu aliyeanguka kwenye kona akavunjika nyonga, nguo zimepanda mpaka kiunoni, stara yake ipo wapi?

Mwenzetu aliteremka Lushoto siku tatu baadaye. Gari lilikuwa na nafasi, akachagua bodaboda, na dereva alikuwa yule yule. Ukienda na wewe, chukua haya kwake: suruali pana ya kitambaa kizito chini ya baibui, mtandio uufunge nyuma ya shingo usije ukaingia kwenye gurudumu, viatu vya kufunga, na sweta, maana baridi ya huko si mchezo. Kofia ngumu ya kichwani usikubali kukosa. Dereva mwenye moja tu, mwambie akupe wewe.