Tabibu Bradmore na Mshale wa Shrewsbury

Tarehe 21 Julai, mwaka 1403, katika vita vya Shrewsbury huko Uingereza, Henry, mwana wa mfalme, kijana wa umri wa miaka 16, alipigwa mshale usoni kando ya pua, na uti ulipovutwa ulitoka peke yake, kigumba kikabaki kimezama katika mfupa wa fuvu, kina cha inchi sita. Waganga kadha wa kadha walimtibu kwa dawa za kunywa na nyinginezo wasifue dafu, hata alipowasili John Bradmore, tabibu wa London.

Bradmore aliiandika kazi yake kwa Kilatini, na kila nisomapo habari zake nastaajabia subira yake kuliko wepesi wa mkono. Hakukimbilia kuvuta. Alichonga vijiti vya kiini cha mti mkavu, akavizungushia kitani, akavichovya katika asali ya waridi, akavitia jerahani kimoja baada ya kimoja, kila kimoja kinene kuliko kilichotangulia, mpaka njia ikapanuka ikafika penye chuma. Ndipo alipobuni koleo dogo, jembamba kama mshale, lenye parafujo katikati: lilipoingia katika tundu la kigumba, pale uti ulipokuwa umechomekwa, parafujo ilizungushwa, meno yakatanuka yakakikamata kwa ndani, akakitikisa huku na huku, taratibu, hata kikatoka. Kisha aliliosha jeraha kwa mvinyo mweupe, akatia tambi zenye asali na unga wa shayiri, akizifupisha kidogo kidogo ili nyama iote kutoka chini, na kwa kuhofia mishipa isikakamae akaikanda shingo kwa dawa. Baada ya siku 20 jeraha lilikuwa safi.

Si kila jeraha la namna hii lilikubali tiba. Mwaka 1559, mjini Paris, vibanzi vya mkuki vilimwingia jichoni Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa katika mchezo wa farasi. Ambroise Paré na Andreas Vesalius, mabingwa wa zama zao, walikuwapo, na mfalme akafa siku ya kumi, kwa kuwa ubongo wenyewe ulikuwa umedhurika ilhali fuvu halikuvunjika.

Yule kijana wa Shrewsbury alitawazwa mwaka 1413 kuwa Henry wa Tano, akashinda vita vya Agincourt mwaka 1415. Sifa za ushindi ule zimeandikwa tele. Kwa rai yangu, Bradmore anastahili fungu lake.