Kipima Oksijeni na Neno Lake

Baraza lilipoundwa mwaka 1967, chombo hiki hakikuwapo. Mwaka 1974 mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, alionyesha kuwa mwanga mwekundu na ule usioonekana, vikipenyezwa mwilini, mapigo ya damu hudhihirisha ni sehemu gani ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Jina "kipima oksijeni" hatuligombi. Tunaligomba lile la kisomwacho: "kiwango cha oksijeni katika damu".

Asilimia 98 si kiasi, ni uwiano. Tuseme mtoto amefikishwa hospitalini Singida Mjini, malaria imemmaliza damu. Himoglobini chache iliyosalia imejaa oksijeni. Chombo chaonyesha 98. Mama akiambiwa "kiwango" ni kizuri, kwa nini akubali mwanawe aongezewe damu? Kosa hapo si la chombo, wala si la mama.

Twapendekeza "ushibe wa oksijeni". Kibaba hujaa kama pishi ijaavyo, ingawa pishi ni vibaba vinne. Neno "kushiba" lakubali hivyo, "kiwango" halikubali. Na katika fomu za wagonjwa, ushibe uandikwe sambamba na kipimo cha himoglobini, wala kimoja kisisomwe peke yake.